Kola ya chupa ya kioo ya Moshi: isifiwe kwa ladha, si kwa afya

Kola inayouzwa katika chupa ya kioo ya mililita 350 hapa Moshi, na vilevile Arusha, ni kinywaji ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kuwa cha pekee. Kipo kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, kipo stendi, na kipo kwenye kreti zinazopangwa nyuma ya turubai kila panapokuwa na kipaimara au harusi, wala hakuna anayesoma maandishi yaliyochapwa kwenye kioo kabla ya kung'oa kizibo. Tangu katikati ya mwaka 2025, hata hivyo, chupa hiyo imepata sifa mpya. Tarehe 16 Julai mwaka huo Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza kwamba kampuni ya Coca-Cola imekubali kutumia sukari halisi ya miwa katika kola inayouzwa nchini mwake, na tarehe 22 Julai kampuni yenyewe ikasema itaongeza sokoni kola iliyotiwa sukari ya miwa ya Marekani, bila kusema kwamba itaiacha ile ya kawaida inayotiwa shira ya mahindi, yaani utamu wa majimaji unaotokana na wanga wa mahindi. Kwa kuwa kola ya kawaida ya Tanzania hutiwa sukari na si shira hiyo, ndugu zetu wanaoishi Marekani wakija likizo huishika chupa ya huku kwa furaha kubwa, na baadhi yetu tumeanza kuamini kwamba tunakunywa kinywaji cha afya ambacho wenzetu wanakitamani. Ninaandika tathmini hii kwa sababu sehemu ya sifa hiyo ni ya haki kabisa, na sehemu nyingine inaweza kumdhuru mtu.

Nianze na ladha. Nililinganisha kola ya chupa ya kioo niliyoinunua katika duka la jumla karibu na Soko la Mbuyuni na kola ya kopo iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, ambayo kopo lake linataja waziwazi shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi miongoni mwa viambato vyake. Zote zililala usiku kucha katika jokofu moja, zikamiminwa katika bilauri zinazofanana, na watu wa nyumbani waliozionja hawakuambiwa ipi ni ipi. Tahadhari hiyo ni ya lazima katika jambo hili, kwa sababu mtu aliyeishika chupa ya kioo yenye jasho la baridi huwa ameshatoa hukumu kabla kinywaji hakijafika mdomoni. Kwa ulimi wangu kola ya hapa ilikuwa na utamu unaofika mapema na kuondoka mapema, kiasi kwamba baada ya kumeza niliweza kuisikia vizuri ile harufu ya viungo inayokaribia mdalasini na ganda la limau. Utamu wa kola ya kopo ulikawia kidogo na kuacha utando mwembamba mdomoni, na viungo vyake vilikuwa nyuma zaidi. Baadhi ya waonjaji walizitofautisha bila kusita, wengine walizichanganya, na mmoja aliyekuwa na uhakika kuliko wote aliisifia ya kopo akiamini kwamba ni ya kioo. Kwa hiyo ninasema kwamba ninaipendelea ya hapa, na ninaipendelea kwa dhati, lakini siwezi kudai kwamba sukari ndiyo iliyoleta tofauti yote.

Lipo jaribio la pili ambalo kila msomaji anaweza kulifanya kwa gharama ndogo, nalo lilinifundisha zaidi kuliko la kwanza. Nunua kola ya hapa ya chupa ya kioo na kola hiyohiyo ya chupa ya plastiki, uzipoze pamoja, kisha uzionje moja baada ya nyingine. Sukari ni ileile, kampuni ni ileile, na bado ya kioo itakuwa na makali zaidi, kwa sababu plastiki huipitisha gesi kidogo kidogo tangu siku chupa inapojazwa, ilhali kioo hakiipitishi. Sehemu kubwa ya uhai ambao watu huusifia katika soda ya sukari ya miwa ni gesi iliyobaki ndani ya chupa. Joto nalo lina neno lake. Mwenye duka akikuuliza kama unataka ya baridi au ya moto, akiwa na maana ya ile iliyokaa rafuni, chagua ya baridi kama unatafuta starehe. Lakini kama unataka kujua ni kiasi gani cha sukari kimo ndani, kunywa ya moto hata mara moja tu, maana baridi huuficha utamu, na kola isiyopozwa ni nzito mno kiasi kwamba watu wengi hawawezi kuimaliza chupa.

Shira ya mahindi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu inasemwa vibaya na watu wasiojua inavyopatikana. Mahindi hulowekwa na kusagwa, wanga wake hutenganishwa na pumba na protini, kisha vimeng'enya huukata wanga huo mpaka unakuwa glukosi, ambayo ni sukari ileile inayozunguka katika damu yetu. Glukosi haina utamu wa kutosha kwa soda, kwa hiyo kimeng'enya kingine hutumika kuigeuza sehemu yake kuwa fruktosi, ambayo ni tamu zaidi. Wataalamu wa Marekani Richard Marshall na Earl Kooi walieleza uwezekano huo mwaka 1957, na katika miaka ya 1960 watafiti wa Japani, Yoshiyuki Takasaki akiwa mmoja wao, wakautafutia njia ya kufanyika kiwandani. Ile inayotiwa zaidi katika soda ina fruktosi takriban asilimia 55, na karibu yote iliyobaki ni glukosi.

Kilichoiingiza shira hiyo katika soda za Marekani ni bei. Serikali ya nchi hiyo huwekea mipaka sukari inayoagizwa kutoka nje ili kuwalinda wakulima wake, na kwa sababu hiyo bei ya sukari ndani ya Marekani kwa miaka mingi imekuwa juu ya bei ya soko la dunia, ilhali mahindi yanalimwa kwa wingi mno na wakulima wake wanasaidiwa na serikali hiyohiyo. Shira pia ni kimiminika, hivyo huingia kiwandani kwa bomba bila kazi ya kufungua magunia na kuyeyusha. Mwaka 1980 Coca-Cola iliwaruhusu wajazaji wake wa Marekani kutumia shira hiyo kwa nusu ya utamu, na kufikia mwisho wa mwaka 1984 yeye na mshindani wake Pepsi walikuwa wameiruhusu kwa utamu wote. Wapo wanaosema kwamba ile kola mpya iliyotolewa Aprili 1985, ikakataliwa na wanywaji, na kulazimisha ya zamani irudishwe Julai mwaka uleule, ilikuwa pazia la kuficha kuondolewa kwa sukari. Tarehe zenyewe zinakataa, kwa sababu ruhusa ya kuiacha sukari ilikuwa imeshatolewa kabla ya hapo. Sukari haikutoweka kabisa hata huko. Kila mwaka Pasaka ya Wayahudi inapokaribia hutolewa kola yenye kifuniko cha njano, kwa kuwa Wayahudi wengi hujizuia kula mahindi katika siku hizo, na kola ya Meksiko ya chupa ya kioo imekuwa ikivushwa mpaka na kuuzwa ghali kwa watu wanaoapa kwamba inazidi ya nyumbani.

Huku kwetu shira hiyo haikupata nafasi, na sababu yake haina uhusiano wowote na uangalifu wa afya. Mahindi kwetu ni ugali, ni makande, ni chakula cha shule na cha magereza, na mwaka mvua zinapokuwa mbaya taifa zima hufuatilia bei ya gunia. Kuyatoa mahindi hayo katika sahani ili yawe utamu wa soda kungehitaji viwanda vikubwa na akiba ya nafaka ambayo hatuna, wakati miwa inastawi na biashara ya sukari inafahamika tangu zamani. Soda yetu ina sukari kwa sababu sukari ndiyo iliyokuwapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaoisifia chupa hii hulipita haraka. Sukari ya miwa ni sukrosi, na kila chembe ya sukrosi ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana, yaani nusu kwa nusu. Shira ya soda ni glukosi na fruktosi zilizo huru, kwa uwiano wa takriban 42 kwa 55. Tofauti ya kwanza, basi, ni ya asilimia chache za fruktosi. Tofauti ya pili ni kule kushikana. Lakini kola ni kinywaji chenye asidi kali, hasa asidi ya fosfori, na asidi huikata sukrosi. Tangu chupa inapofungwa kiwandani kazi hiyo huanza, huendelea polepole kila siku, na huenda kwa kasi zaidi palipo na joto. Kola iliyosafiri juu ya lori, ikakaa ghalani, kisha ikasimama rafuni katika joto la Moshi mjini, hufunguliwa ikiwa sehemu ya sukari yake imeshakuwa glukosi na fruktosi, na iliyokaa miezi mingi inaweza kuwa imebakiwa na sukrosi kidogo sana. Ile iliyosalia hukatwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba mara tu baada ya kunywewa. Mwili haupokei miwa wala mahindi; unapokea glukosi na fruktosi, kwa kiasi kinachokaribiana sana, katika maji ambayo hayana kitu kingine cha kuzichelewesha.

Ndiyo maana mwaka 2008 Chama cha Madaktari cha Marekani, baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo, kilisema kwamba shira hiyo haionekani kuchangia unene kuliko vitamu vingine vyenye nishati. Historia ya nchi hiyo inaonyesha hivyohivyo: matumizi ya shira ya mahindi kwa kila mtu yalifika kilele mwaka 1999 na yamekuwa yakishuka tangu hapo, huku watu wazima wenye unene uliopitiliza wakiongezeka kutoka asilimia 30.5 katika kipimo cha miaka ya 1999 na 2000 hadi asilimia 42.4 katika kile cha 2017 na 2018. Kama shira ndiyo iliyokuwa mkosaji wa pekee, namba hizo zisingekwenda njia mbili tofauti.

Kinachopaswa kupimwa ni kiasi. Kola ya kawaida huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa yetu ya mililita 350 ina takriban gramu 35 hadi 38, ambazo ni karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na kwamba kushuka hadi nusu ya kiasi hicho kungekuwa bora zaidi. Chupa moja inakivuka kiwango hicho cha pili kabla mtu hajanywa chai yake ya jioni. Kwa Tanzania suala hili si la mbali: katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 takriban asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na kisukari, wakati vipimo vilivyofanywa vijijini mwishoni mwa miaka ya 1980, Kilimanjaro ikiwamo, vilikuta kiasi kidogo sana, karibu asilimia moja.

Katika sherehe moja ya Desemba nilimwona kijana aliyekuja likizo akimpa mzee mwenye kisukari chupa iliyokwisha kufunguliwa, akamwambia kwa upendo wote, "Baba, hii ya huku kunywa bila wasiwasi, ni miwa mitupu." Mzee akaipokea, kwa sababu kijana amesoma na amekaa nje. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale mezani. Habari iliyoanza kama ubishi wa bei, siasa na ladha huko Marekani ilikuwa imefika Kibosho, hapa Kilimanjaro, ikiwa imegeuka kuwa ushauri wa kitabibu, na kwa mtu yule ushauri huo ni sumu. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijashuka kupita kiasi hana sababu ya kunywa kola ya miwa, kama ambavyo hana sababu ya kunywa ya mahindi.

Upo pia upande wa fahari ya mahali, ambao ninauhisi kama mkazi yeyote wa Kilimanjaro. Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea kusini kwa barabara ya TPC, kampuni ya miwa na sukari, baada ya kilomita zipatazo 20 unafika Arusha Chini, nyanda kame zenye mvua chache lakini zinazopata maji ya mito kama Weruweru na Kikuletwa, na hapo miwa imetanda mpaka jicho linachoka. Shamba hilo lilianzishwa katika miaka ya 1930 na kampuni ya Mdenmaki A.P. Møller, likataifishwa baadaye, na tangu mwaka 2000 robo tatu ya umiliki wake iko mikononi mwa wawekezaji wa Sukari Investment na robo moja ni ya Serikali. Makapi ya miwa huchomwa kuzalisha umeme unaoendesha kiwanda, na ziada huuzwa kwa TANESCO. Ni rahisi kuketi mjini na chupa ya kola mkononi, ukatazama kusini, na kuamini kwamba utamu ulionao mdomoni umetoka pale.

Kwa kawaida haukutoka pale. Viwanda vya soda huhitaji sukari iliyosafishwa sana, nyeupe kabisa, isiyo na mabaki ya molasi, kwa kuwa mabaki hayo huleta rangi, harufu, povu na mashapo, makosa ambayo hujitokeza hata zaidi katika soda zisizo na rangi. Viwanda vyetu vya sukari kwa miaka mingi vimezalisha sukari ya matumizi ya nyumbani, ile ya kahawia tunayoijua kwenye chai, na sukari ya viwandani imekuwa ikiagizwa kutoka nje kwa utaratibu wake wa ushuru. Sipendi hali hii, na ningelipa kidogo zaidi kwa chupa inayothibitisha kwamba sukari yake imesafishwa nchini kutokana na miwa ya wakulima wetu. Hata hivyo, mabadiliko hayo yanahitaji miwa mingi zaidi na mitambo ya kusafishia, siyo tangazo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji, hata sukari ya chai haikutosha, na kilo moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 katika maeneo mengi. Nchi iliyoonja upungufu huo ina haki ya kutanguliza sufuria ya chai mbele ya chupa ya soda.

Anayetaka miwa ya kweli anaweza kuipata bila kizibo. Juisi ya miwa inayokamuliwa kwa mashine za mkono au za mota kando ya masoko ya Moshi na Arusha, ikitiwa ndimu na kipande cha tangawizi, ina ladha ambayo kola haiwezi kuifikia: kuna ubichi wa majani, kuna utamu mpana, na ndimu huuzuia usichoshe. Kwa ladha peke yake ninaiweka juu ya chupa zote nilizozitaja, mradi muwa umeoshwa, mashine imesuuzwa na barafu imetengenezwa kwa maji salama, mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyaangalia kwa macho yake akiwa amesimama pale. Lakini hata hapa tusidanganyane. Maji ya muwa yana sukari kati ya asilimia 10 na 18 kutegemea aina na ukomavu wake, kwa hiyo glasi moja inaweza kuizidi chupa ya kola ya ujazo uleule.

Kuhusu ununuzi, chupa ya kioo ina usumbufu wake na ninaukubali. Mwenye duka atakuuliza, "Dada, unanywea hapa au unaondoka nayo?" na kama unaondoka utaacha pesa ya chupa au utaleta tupu yako. Kwa mnywaji wa chupa moja ni kero ndogo; kwa anayechukua kreti kwa ajili ya shughuli ni hesabu inayotaka mtu mwangalifu, kwa sababu kila chupa inayovunjika au kubebwa na mgeni italipiwa. Malipo yake ni kwamba kinywaji ni nafuu kuliko cha plastiki kwa ujazo, chupa hurudi kiwandani, huoshwa na kujazwa tena, na mitaro ya mji haizibwi nayo. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi: chupa inayonywewa pale pale dukani humfanya mtu asimame, anywe moja, airudishe na aondoke, ilhali ile ya plastiki ya nusu lita huingia ndani ya mkoba na kuongeza sukari ya siku bila mtu kuhesabu.

Kasoro kubwa ninayoiona katika soda za chupa za kioo kwa jumla ni maandishi. Kwenye nyingi nilizozishika, kiasi cha sukari ama hakionekani au kimechapwa kwa herufi ndogo ambazo michubuko ya kreti imezifuta, na chupa iliyosafirishwa na kuoshwa miaka mingi haiwezi kumfahamisha mtu chochote. Kizibo kina nafasi ya kutosha kuandikwa namba moja tu, gramu za sukari. Ningependa pia chupa ndogo zaidi ya kioo ipatikane kwa urahisi, na sukari ipunguzwe kwa ngazi ambazo ulimi hauzigundui. Hilo linawezekana, kwa sababu limefanyika kwingine: Uingereza na Afrika Kusini zilianza Aprili 2018 kutoza kodi kwa kufuata wingi wa sukari, ambapo Uingereza iliweka mipaka ya gramu 5 na gramu 8 kwa kila mililita 100 na Afrika Kusini ikaanza kutoza juu ya gramu 4, na watengenezaji wakapunguza sukari katika vinywaji vingi ili kukaa chini ya mistari hiyo. Kodi ya namna hiyo haijali sukari imetoka kwenye miwa, mahindi au viazisukari, na nadhani hapo ndipo ilipo haki yake.

Kwa mgeni anayeuliza anunue nini, ninamshauri achukue kola ya kioo, ya baridi, katika duka lenye wateja wengi ambako kreti hazikai, ainywe pamoja na chakula chenye chumvi kama mishikaki na ndizi za kuchoma, na achangie chupa na mwenzake ikiwezekana. Nyumbani kwetu tumekwisha kubaliana kuhusu kipaimara kijacho: kreti zitaagizwa kwa hesabu ya chupa moja kwa mtu mzima badala ya mbili, watoto watamiminiwa nusu nusu katika vikombe, maji ya kunywa yatawekwa kila meza kabla soda hazijatolewa, na wazee wenye kisukari watapelekewa maji na chai isiyo na sukari na mtu anayewafahamu kwa majina, ili asitokee wa kuwapa chupa kwa kuwaambia kwamba ya huku ni ya miwa.